Podikasti za Mauaji ya Kifamilia: Nani Kamfungulia Mwandishi Mlango?

Ijumaa usiku, Januari 8, 1982, Lynette Dawson alizungumza na mama yake kwa simu. Alikuwa muuguzi mwenye miaka 33, mama wa mabinti wawili wadogo, akiishi na mumewe Chris huko Bayview, kaskazini mwa jiji la Sydney, Australia. Baada ya simu ile, ndugu zake hawakumsikia tena. Mumewe, mwalimu wa michezo aliyewahi kuwa mchezaji raga mwenye jina, alieleza kwamba mkewe ameondoka kwa hiari yake, tena kesho yake alimpigia simu kusema anahitaji muda wa kukaa peke yake. Alikwenda kuripoti polisi karibu wiki sita baadaye. Wakati huo msichana aliyekuwa mwanafunzi wake, na ambaye alikuwa akiwalea watoto pale nyumbani, alishahamia. Mwaka 1984 yeye na Chris walifunga ndoa. Mwili wa Lynette haujapatikana hadi leo.

Mwaka 2018 gazeti la The Australian lilianza kutoa podikasti iitwayo The Teacher's Pet, ya mwandishi Hedley Thomas. Ilipakuliwa mara mamilioni duniani kote na ikampatia tuzo kubwa kuliko zote za uandishi wa habari nchini humo, Gold Walkley. Desemba mwaka huohuo Chris Dawson akakamatwa. Wasikilizaji wengi waliishia hapo na hitimisho lao mkononi: podikasti imemnasa muuaji.

Ukitaka kujifunza kusikiliza vipindi vya aina hii, yaliyofuata baada ya hapo ndiyo yanayofundisha zaidi.

Kwanza, faili halikuwa limelala kama wengi wanavyodhani. Uchunguzi wa kimahakama kuhusu kifo cha Lynette ulifanyika mara mbili, mwaka 2001 na 2003, na mara zote ulipendekeza mtu ashtakiwe. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ikaona ushahidi hautoshi. Polisi walirudi kwenye kesi mwaka 2015, na Aprili 2018 walikabidhi jalada kwa waendesha mashtaka. Kipindi cha kwanza cha podikasti kilitoka Mei 2018. Sisemi kelele za umma hazikuwa na uzito. Nasema anayesimulia kisa huwa na kishawishi cha kujiweka katikati yake, na tarehe ni dawa nzuri ya kishawishi hicho. Ukisikia “hakuna aliyejali mpaka sisi tulipofika”, tafuta kalenda.

Pili, podikasti karibu iizamishe kesi yenyewe. Mawakili wa Dawson waliiomba mahakama iifute moja kwa moja kwa kuwa mteja wao hawezi tena kutendewa haki. Mwaka 2020 Jaji Elizabeth Fullerton wa Mahakama Kuu ya New South Wales alikataa kuifuta, lakini aliisimamisha kwa miezi tisa ili joto la vyombo vya habari lipoe. Maneno yake juu ya podikasti hiyo yalikuwa makali: kwa upande wa vyombo vya habari kuingilia mwenendo wa kesi ya jinai, mahakama yake ilikuwa haijapata kuona mfano mbaya kuliko huo. Kabla ya hapo, mwaka 2019, gazeti lilikuwa limeshaiondoa isisikike Australia. Kesi ilipofika 2022, ilikubaliwa isikilizwe na jaji peke yake, bila lile jopo la raia 12 linaloamua hatia katika nchi zenye mfumo huo. Watu 12 wasioijua hadithi ile wangepatikana wapi?

Agosti 30, 2022, Jaji Ian Harrison alisoma hukumu kwa takribani saa tano. Ushahidi wote ulikuwa wa mazingira: hakuna mwili, hakuna silaha, hakuna shahidi wa macho. Aliipitia simu ile ambayo mume alidai kupigiwa na mkewe, akasema ni uongo. Alimtia hatiani kwa mauaji, na adhabu ikawa kifungo cha miaka 24. Rufaa ilikataliwa mwaka 2024. Lakini jaji huyohuyo alisema pia kwamba podikasti haikusimulia mambo kwa mizani, na kwamba huenda imeufanya baadhi ya ushahidi usifae kwa lolote.

Mambo hayo mawili uyashike pamoja, maana hapa ndipo wasikilizaji wengi wanapoteleza. Podikasti iliegemea upande, na mtu iliyemkandamiza akapatikana na hatia. Kuegemea upande si kusema uongo. Mwandishi anaweza kusema kweli tupu kuanzia kipindi cha kwanza hadi cha mwisho, na bado akakuelekeza pa kutazama na pa kutotazama. Na kule kumpata mkosaji wa kweli hakumsafishi mwandishi: ushahidi uliochafuka ungeweza kumwachia mtu huyohuyo huru.

Kwa nini mauaji ya kifamilia yana shida yake

Mwizi asiyejulikana akiua, ndugu wa marehemu husimama upande mmoja. Mume akidaiwa kumuua mke, au mtoto wazazi wake, ukoo hupasuka. Wanaomjua marehemu vizuri ndio wanaomjua mshtakiwa vizuri. Shahidi ni mfiwa. Mfiwa ni mrithi. Mrithi ana ugomvi wa tangu zamani na shemeji. Mtu wa pembeni hakuna. Mwandishi hupokelewa na upande mmoja, hukaa sebuleni kwao miezi, huonyeshwa albamu, huandaliwa chai, huwasikia wakilia. Upande mwingine umefunga mlango, mara nyingi kwa ushauri wa wakili, na ukimya wao unageuka kuwa sauti ya hatia hewani. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa podikasti yoyote ya namna hii ni moja: nani kamfungulia mwandishi mlango, na yule aliyemfungia alikuwa na sababu gani?

Mfano unaogeuka kila upande upo Uingereza. Usiku wa kuamkia Agosti 7, 1985, watu watano wa familia moja waliuawa kwa risasi katika nyumba ya shambani iitwayo White House Farm, Essex: mume na mke wenye miaka 61 kila mmoja, binti yao wa kulea aliyekuwa na miaka 28, na watoto pacha wa binti huyo, wenye miaka sita. Kijana mwingine wa kulea wa nyumba hiyo, Jeremy Bamber, ndiye aliyepiga simu polisi, akidai baba yake amempigia kwamba dada ameshika bunduki. Dada huyo alikuwa na historia ya ugonjwa wa akili na aliwahi kufanya kazi ya uanamitindo. Polisi waliiamini hadithi hiyo, na magazeti yakaipamba: mrembo aliyerukwa na akili, akawaua wanawe na wazazi, kisha akajiua. Wiki chache baadaye hadithi ikapinduka. Ndugu walileta kifaa cha kuzuia mlio wa bunduki walichosema wamekikuta ndani ya kabati la silaha, na aliyekuwa mpenzi wa Jeremy akaenda polisi. Oktoba 1986 Jeremy alitiwa hatiani kwa kura 10 dhidi ya 2. Rufaa yake ya 2002 ilitupwa. Yuko gerezani hadi leo na anasisitiza hakuua.

Mwandishi Heidi Blake wa jarida la The New Yorker aliirudia kesi hiyo katika makala ndefu ya mwaka 2024, kisha katika podikasti iitwayo Blood Relatives, akihoji jinsi polisi walivyolishughulikia eneo la tukio na vielelezo. Huko mizani inaweza kulalia upande wa pili: anayesikika ni mfungwa anayetaka kutoka, na wanaotiliwa shaka ni ndugu walioleta kielelezo na ambao mali ilibaki upande wao. Kurithi si kosa. Mwenye kuua harithi, na mali lazima iende kwa mtu. Lakini msikilizaji akishaambiwa nani alirithi, hawasikii tena kwa sikio lilelile. Kwa hiyo usidhani upendeleo humwonea mshtakiwa siku zote. Siku hizi hadithi ya mfungwa asiye na hatia inauzika sawasawa na ya muuaji aliyejificha, pengine kuliko. Anayeumia kimyakimya katika hadithi hiyo ni marehemu. Dada yule wa Essex alisingiziwa mauaji ya wanawe, kama hukumu ya mahakama ni sahihi, na kila podikasti inayomtetea kaka yake lazima imrudishie bunduki mkononi.

Sikio lisikilize nini

Chukua kipindi chochote, rudisha nyuma dakika kumi, usikilize tena ukifuatilia kitu kimoja tu: nani anasikika kwa sauti yake mwenyewe, na nani anasomewa. Dada wa marehemu utamsikia akikatika sauti, akivuta pumzi, akinyamaza. Maelezo ya mume aliyowapa polisi yatasomwa na mtangazaji, kwa sauti kavu, labda na muziki mzito chini yake. Maneno yake yote yamo, hakuna lililopotoshwa. Ila mmoja umekutana naye kama binadamu, mwingine kama karatasi.

Mpangilio nao una kazi. Mahakamani upande wa mashtaka hutangulia, lakini utetezi humhoji kila shahidi papo hapo kabla hajashuka kizimbani. Kwenye podikasti, jibu la utetezi linaweza kukufikia kipindi cha saba, wiki sita baada ya moyo wako kuamua. Wengine hutunga kipindi kizima kiitwacho “upande wa pili”, dakika ishirini kati ya saa kumi na mbili, wakadhani wametenda haki.

Angalia pia majina wanayopewa watu. Mtuhumiwa ni anayeshukiwa. Mshtakiwa amefikishwa mahakamani. Aliyetiwa hatiani ameshahukumiwa. Mtangazaji anayeyachanganya hayo matatu, au anayeruka moja kwa moja kwenye “muuaji” kabla ya hukumu, amekwisha kukuambia anasimama wapi. Maneno kama “baba mwema”, “mwanamke wa tamaa” na “familia ya kuigwa” yasikupite hivihivi. Yana mwenye kuyasema, na mara nyingi mwenyewe ni jirani aliyemfahamu marehemu kwa salamu za asubuhi tu.

Mimi hupenda pia kujua nani analipia. Kipindi chenye matangazo kinahitaji msikilizaji arudi wiki ijayo, na hakuna kinachomrudisha kama shaka iliyoachwa ikining'inia. Ndiyo maana utasikia “lakini kulikuwa na gari jeupe…” kisha muziki, kisha tangazo la godoro. Gari jeupe linaweza kuja kuwa la fundi bomba. Utaambiwa, kwa sentensi moja, kipindi cha tisa.

Baada ya kusikiliza, tafuta hukumu. Ya Dawson imewekwa wazi na mahakama za New South Wales, inasomwa bure mtandaoni, na imeandikwa shahidi baada ya shahidi: huyu kasema hivi, namwamini kwa sababu hii, yule kasema vile, simwamini kwa sababu hii. Hata hoja za utetezi kwamba kuna watu waliomwona Lynette akiwa hai baada ya Januari 1982 zimepitiwa moja moja na kukataliwa kwa maelezo. Kwa kesi za kwetu, zipo Kenya Law na TanzLII, bila malipo. Hukumu nyingi za Tanzania bado zimeandikwa kwa Kiingereza ingawa sheria ya 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, basi anayejua Kiingereza amsomee mwenzake.

Na huku kwetu?

Nimewasikia watu wakisema hatari hii ni ya Wazungu, kwa kuwa mahakama zetu hazina lile jopo la raia 12. Jaji amesomea sheria, haathiriwi na YouTube. Kesi ya Dawson inajibu hoja hiyo vizuri, kwa sababu mwishoni nayo ilisikilizwa na jaji peke yake, kama zetu. Walioharibika walikuwa mashahidi. Mtu aliyesikia kipindi mara tatu anaweza kushindwa kutenganisha alichokiona kwa macho yake na alichosimuliwa na mtangazaji. Wakili wa utetezi anamuuliza: “Hili ulilikumbuka lini, kabla ya podikasti au baada yake?” Shahidi anababaika, na pengine alikuwa anasema kweli.

Chaneli za simulizi za mauaji kwa Kiswahili zimejaa, na nyingi huanza kusimulia jeneza likiwa bado halijashushwa kaburini. Kipande cha sauti kinarushwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na katika kundi hilo wamo majirani watakaoitwa kutoa ushahidi. Kama unadhani uliona au ulisikia jambo, usisikilize kwanza. Kaa chini, andika unachokikumbuka kwa maneno yako, weka tarehe na saa ya kuandika, kisha uende polisi utoe maelezo. Ukishamaliza hapo, uamuzi wa kuzungumza na mwandishi ni wako. Akikuambia “shahidi mwingine ametuambia hivi, wewe unasemaje?”, mkatalie swali hilo hata kama mwenyewe ana adabu na nia njema, kwa kuwa ndivyo kumbukumbu za watu wawili zinavyogeuka kuwa moja. Mtoto asihojiwe kuhusu kifo cha mzazi wake kwa ajili ya kipindi, hata shangazi au babu akiridhia.

Muulize mwandishi pia rekodi nzima itatunzwa wapi na kwa muda gani. Katika kesi ya Dawson, Hedley Thomas mwenyewe aliitwa mahakamani mwaka 2020 akahojiwa jinsi alivyozungumza na mashahidi. Yale uliyomwambia mbele ya maikrofoni, hata yaliyokatwa yasisikike hewani, wakili anaweza kuyaomba na kukuuliza nayo siku utakapopanda kizimbani.