Mkoko: Unywavyo, Upumuavyo na Ukuavyo

Ni wachache katika Amu wasiopata kulala chini ya dari ya boriti. Katika nyumba zetu za mawe, upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Na majahazi yalizichukua boriti hizo hata Arabuni na Ghuba, mpaka serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuzipeleka nje mwaka 1982. Lakini mti huu twaujua zaidi ukiwa mkavu darini kuliko ukiwa hai matopeni. Wengi wetu hudhani kuwa mkoko, kwa kuwa haupandwi wala haunyweshwi, ukikatwa hurudi wenyewe kama majani. Dhana hii yatupasa tuipime kwa elimu.

Watu huita mikoko miti yote iotayo majini: mchu, mlilana, muia, mkandaa na mingineyo. Mkoko wenyewe ni ule usimamao juu ya mizizi iliyopinda mithili ya miguu.

Kwanza, kunywa. Maji ya bahari ni chumvi, na chumvi nyingi huua mti. Mizizi ya mkoko huchuja sehemu kubwa ya chumvi hiyo mlangoni, kabla maji hayajaingia. Ama mchu, nyingine huitoa kwa majani. Ramba jani lake wakati wa jua, utaionja. Maji hupanda kwa mirija myembamba iliyo ndani ya mbao. Hapana moyo unaoyasukuma: jua huyakausha majanini, na yanayotoka huyavuta yaliyo nyuma yake. Huko majanini mti hufanya chakula chake kwa mwangaza, maji na hewa. Kisha chakula hicho hushuka kwa njia nyingine, chini ya gome. Kwa hiyo, ukilichuna gome kuuzunguka mti, mizizi hukosa chakula, na mti hufa ingawa mbao zake ni nzima.

Pili, kupumua. Mzizi nao wataka hewa, na ndani ya tope hewa ni haba. Mizizi ya mkoko ina vitundu vidogo juu ya maji. Mchu na mlilana huchomoza vijiti vya kupumulia kutoka ardhini. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta udongo mwingi katika hori la Mwache, karibu na Mombasa. Mizizi ikafunikwa, na mikoko mingi ikafa imesimama. Haikufa kwa kiu, ilikosa pumzi.

Tatu, kukua. Mti hurefuka kwa ncha zake tu. Msumari uliopigiliwa usawa wa kifua hubaki usawa huo miaka yote. Unene huongezwa na utando mwembamba ulio hai baina ya gome na mbao. Mchu uliokatwa huweza kuchipua katika kisiki. Lakini mkoko, ukikatwa chini ya majani yake yote, hauchipui. Kisiki chake huoza.

Basi mkoko hurudi vipi? Hurudi kwa mche. Mbegu yake huota ingali juu ya mama, ikaning'inia mfano wa fimbo ya kijani inayoweza kupita sentimita 30. Kisha huanguka, ikajichoma topeni au ikachukuliwa na maji mpaka ipate mahali pa kushika. Pasipo mama, hapana mche.

Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya imo katika Lamu. Hatusemi mtu asikate, kwani wapo wanaolisha watoto wao kwa shoka. Twasema asiufyeke mlango mzima wa hori. Aache miti mikubwa yenye kuzaa, asiikanyage miche, na tusimwage kifusi juu ya mizizi. Anayekata mkoko wa mwisho mahali hapo amekata pia boriti ya mjukuu wake.