Dondoo Muhimu: Video ya wimbo wa kuchekesha

Kwa vikundi vya vichekesho vya Chebunyo na Chepalungu nzima:

• Rekodini wimbo kwanza. Siku ya kupiga picha uchezeni kwa spika, midomo ifuate maneno.

• Kichekesho kimoja, kikue. Mzee avae suti kwenda kukamua. Ubeti wa pili aje na mlinzi. Wa tatu, ng'ombe naye avalishwe tai.

• Msicheke ninyi. Mwimbaji akikaza uso, mtazamaji ndiye atakayevunjika mbavu.

• Chezeni na kasi. Wimbo uende kasi maradufu, kamera irekodi fremu 50 kwa sekunde, kisha video ioneshwe kwa 25. Miili itaelea polepole, midomo ibaki sawa na wimbo wa kasi ya kawaida.

• Epukeni jua la utosi. Huku karibu na ikweta hutia macho kivuli. Malizeni kabla ya saa nne asubuhi.

• Mdundo wa mtu ombeni ruhusa. Unalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Wenu usajilini KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya.

• Mkiimba Kipsigis, wekeni tafsiri ya Kiswahili chini ya picha, hata Mombasa wacheke.