Chai ya Barafu

Mwaka 1904 palikuwa na maonyesho makubwa katika mji wa St. Louis, Marekani. Husimuliwa kwamba Mwingereza mmoja, Richard Blechynden, alikuwa akiwaonjesha watu chai ya India. Lakini jua lilikuwa kali, na watu waliipita chai yake ya moto bila kuitazama. Basi akaitia barafu, nao wakamjia kwa wingi. Hata hivyo, si yeye aliyeanza desturi hiyo: kitabu cha upishi cha Virginia kilichopigwa chapa mwaka 1879 kilikwisha kuieleza.

Je, chai ya barafu ina faida gani mwilini? Faida ya kwanza ni maji, kwa kuwa mtu atokwaye na jasho hana budi kurudisha maji aliyoyapoteza. Faida ya pili hutoka katika moto: maji yakitokota sana kwa dakika 1, vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo hufa.

Lakini hapo ndipo penye hatari. Moto huua vijidudu, bali baridi huvilaza tu, wala haiviui vyote. Mtu aweza kuchemsha maji ya chai kwa uangalifu, kisha akatia barafu iliyofanywa kwa maji machafu. Barafu ikiyeyuka, vijidudu huamka katika bilauri, na kazi yote ya moto imepotea bure. Kwa hiyo maji ya kufanyia barafu nayo yachemshwe kwanza.

Tena chai tupu si chakula. Haishibishi wala haijengi mwili, na haiwezi kushika mahali pa uji. Ndani yake mna tanini, kitu kiletacho ukakasi ulimini. Tanini huuzuia mwili usipate sawasawa chuma kilichomo katika maharagwe na mboga za majani, na damu yahitaji chuma. Heri basi kuinywa chai baina ya milo, wala si pamoja na chakula. Sukari nyingi nayo ina madhara, maana vijidudu vya kinywani huigeuza kuwa asidi iozeshayo meno.

Basi chai ya barafu iliyo njema ni ya maji yaliyochemshwa, barafu safi na sukari kidogo.

Maswali
1. Kwa nini maji ya barafu yachemshwe?
2. Chai inyweke wakati gani, na kwa sababu gani?