Vipele baada ya sindano ya mikunjo

SWALI: Nilidungwa sindano za kuondoa mikunjo ya paji nikiwa Dar es Salaam. Nimerudi Palma, na wiki ya pili sasa paji limejaa vipele. Ni ile dawa? Nipake msiro?

JIBU: Dada yangu, dawa hiyo huzuia neva isiuamuru msuli kukaza, haizibi vinyweleo. Mimi ningeuliza kwanza umejipaka nini. Krimu nzito ya kutuliza ngozi? Au mafuta ya nazi ya nywele, yanayochuruzika usoni kwa joto la kaskazi? Vipele vidogo vya rangi ya ngozi, vilivyojipanga chini ya nywele, mara nyingi ni kazi ya mafuta ya nywele. Acha mafuta hayo wiki kadhaa, osha uso kwa sabuni laini, usiviminye.

Msiro usubiri. Naupenda, hata harufu yake kijiti kikisuguliwa jiweni kwa maji, lakini lile jiwe hutumiwa na nyumba nzima, na ukikauka huvuta ngozi ambayo tayari imeudhika.

Uvimbe wa moto wenye usaha palipodungwa, au homa, si chunusi: nenda hospitali. Kope likilegea, mpigie aliyekudunga. Ukishindwa kumeza au kupumua, usingoje kuche.