Jengo Lako Limekatiwa Bima ya Shilingi Ngapi?

Moto ulioteketeza Soko Kuu la Kariakoo usiku wa Julai 10, 2021 ulituonyesha jinsi mali ya miaka mingi inavyoweza kuisha kwa saa chache. Ukiwa na fremu za kupangisha, ghala, hoteli au jengo la ofisi, huenda bima unayo tayari. Lakini fungua hati yake leo utazame kiasi cha bima kilichoandikwa. Jengo likiungua, kiasi hicho ndicho kitakachoamua kama utajenga tena au utabaki na kiwanja na deni. Vidokezo hivi vitakusaidia kukipata kwa usahihi.

1. Ijue kanuni ya wastani

Wenye majengo wengi hudhani kwamba bima pungufu huleta shida pale tu jengo zima linapoteketea. Sivyo. Tuseme kulijenga upya jengo lako kunahitaji shilingi bilioni 1.5, nawe umelikatia bima ya milioni 900, yaani asilimia 60. Moto ukiunguza sakafu moja na hasara ikawa milioni 200, kampuni ya bima italipa asilimia 60 ya hasara hiyo: milioni 120. Milioni 80 zilizobaki utazitoa mfukoni, ingawa hasara yote ni ndogo kuliko kiasi ulichokatia bima. Sharti hili limo katika mikataba mingi ya bima ya moto, kwa hiyo mwombe wakala wako akuonyeshe ibara yenyewe. Baadhi ya mikataba huvumilia upungufu mdogo. Uliza kama wako ni mmojawapo.

2. Tumia gharama ya kujenga upya, achana na bei ya soko

Bei ya soko inabeba kiwanja ndani yake, na kiwanja hakiungui. Kariakoo au Posta, ambako ardhi ni ghali mno, ukitumia bei ya soko unaweza kulipia ada ya bima kwa thamani ya ardhi bila faida yoyote, maana fidia haizidi hasara halisi. Katika miji ambako kodi za pango ni ndogo, mambo hugeuka: jengo linaweza kuuzwa kwa bei iliyo chini ya gharama ya kulijenga, na hapo bei ya soko itakuacha na bima pungufu. Swali la kumuuliza mtaalamu ni moja: jengo kama hili, mahali hapa, litajengwa upya kwa shilingi ngapi?

3. Usikatie bima deni la benki peke yake

Benki ikikukopesha kwa dhamana ya jengo, hutaka jengo hilo liwe na bima. Wapo wanaoandika kiasi cha mkopo na kuliacha hapo. Kiasi hicho kinailinda benki kwanza. Nayo ripoti ya uthamini iliyoandaliwa kwa ajili ya mkopo kwa kawaida hutaja thamani ya soko na thamani ya kuuza kwa haraka, na hakuna kati ya hizo iliyo gharama ya ujenzi. Mthamini akija kwa shughuli ya benki, mwombe akuandikie na gharama ya kujenga upya.

4. Pima kila sakafu, kisha ongeza yanayosahaulika

Jengo lenye sakafu nne za mita za mraba 300 lina mita 1,200. Tuseme, kwa mfano tu, kila mita inajengwa kwa shilingi milioni moja: hiyo ni bilioni 1.2. Wengi huishia hapo. Lakini mkandarasi aliyesajiliwa atakutoza na VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18: milioni 216 nyingine. Kama wewe hujasajiliwa VAT, hutaweza kuirudisha. Kisha kuna kubomoa mabaki na kuzoa vifusi, ada za msanifu, mhandisi na mkadiriaji majenzi, pamoja na vibali. Hivyo vikifika milioni 84, tayari uko kwenye bilioni 1.5. Kumbuka pia basement, ngazi, uzio, tangi la maji, lifti na jenereta.

5. Mwite mtaalamu aliyesajiliwa

Fundi aliyejenga anajua mengi, lakini siku ya madai utahitaji ripoti inayosimama yenyewe. Wathamini husajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, na wakadiriaji majenzi wana bodi yao pamoja na wabunifu majengo. Omba namba ya usajili kabla ya kulipa. Ripoti, ramani, kibali cha ujenzi na picha za kila sakafu zihifadhi nje ya jengo hilo.

6. Hesabu bei za siku ya kumaliza kujenga

Moto unaweza kutokea mwezi wa mwisho wa mkataba. Baada yake kuna uchunguzi, vibali, zabuni na ujenzi wenyewe. Jengo la ghorofa linaweza kuchukua miaka miwili. Katika muda huo bei za nondo na saruji hupanda, na vitu vya kuagiza nje kama lifti hufuata bei ya dola. Omba kifungu cha nyongeza kwa ajili ya mfumuko wa bei, na upitie kiasi cha bima kila unapohuisha mkataba.

7. Kila badiliko litolewe taarifa

Umeongeza sakafu? Umeweka marumaru na dari mpya? Ijulishe kampuni ya bima kwa maandishi. Na vitu alivyojenga mpangaji, kama vile vyumba vya ndani, kabati za ukutani na viyoyozi, vitajwe kwenye mkataba wa pango: nani anavikatia bima?

8. Kodi ya pango ina bima yake

Bima ya jengo inalipia kuta na paa. Kodi utakayoikosa wakati wa kujenga inahitaji kifungu chake, tena cha muda unaolingana na ujenzi. Miezi 6 haitoshi kwa kazi ya miaka miwili.

Wiki hii mpigie wakala wako umuulize maswali matatu: kiasi changu kilikadiriwa lini, nani alikikadiria, na kilikadiriwa kwa kujenga upya au kwa kuuza? Akikosa jibu la hata moja, agiza uthamini mpya. Utaongeza ada kidogo, lakini jengo linalosomesha watoto wako na kuwapa wapangaji riziki litakuwa limelindwa kikamilifu.