Bata Anayezaliana Nje ya Eneo Lake: Namna ya Kuthibitisha na Kuandika

Mvua za Mtwara huanza mwezi wa Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Katika majira hayo mabonde yaliyokuwa makavu hujaa maji, mayungiyungi hutanda juu ya madimbwi, na bata wa porini huonekana mahali ambapo miezi michache nyuma ng'ombe walikuwa wakilisha. Iwapo mkulima wa mpunga wa Likombe, katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, atamwona bata asiyemfahamu akiongoza makinda kati ya matete, je, jambo hilo lina thamani gani kwa sayansi? Laweza kuwa na thamani kubwa sana, au lisiwe na thamani yoyote. Yote hutegemea namna alivyotazama na namna alivyoandika. Makala hii yaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua.

Ramani ya ndege hutoka wapi?

Kila kitabu cha ndege kina ramani zinazoonyesha eneo la kawaida la kila aina. Ramani hizo hutokana na kumbukumbu za watu. Kwa hiyo zinaonyesha mambo mawili kwa pamoja: mahali ndege alipoonekana, na mahali watazamaji walipofika. Pasipofika mtu hubaki peupe hata kama ndege wamejaa.

Katika Afrika Mashariki kumbukumbu hizi zimekusanywa kwa muda mrefu. Chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe kilianzishwa Nairobi mwaka 1909. Jarida la Scopus, linalohusu ndege wa Afrika Mashariki, lilianza mwaka 1977. Mwaka 1980 Leslie Brown na Peter Britton walitoa kitabu kuhusu majira ya kuzaliana kwa ndege wa sehemu hizi, kilichotokana na taarifa nyingi za viota.

Lakini pwani ya Ruvuma iko mbali na Nairobi na Arusha. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa katika mto Rufiji mwaka 2003, safari ya kusini wakati wa mvua ilikuwa na taabu nyingi. Mtazamaji mgeni aliona afadhali kuja kiangazi. Bata wengi nao huzaliana mvua inaponyesha au mara baada yake, maji yanapokuwa mengi na chakula tele. Ni dhahiri basi kwamba upungufu wa taarifa za viota si uthibitisho kwamba bata hawatagi. Mwenyeji, ambaye yupo majira yote, ana nafasi ambayo mgeni hana.

Mfano wa Bukini

Umuhimu wa taarifa za namna hii waonekana ng'ambo ya bahari, katika kisiwa cha Madagaska, ambacho Waswahili wa zamani walikiita Bukini. Jina hilo limebaki hata leo katika neno bata-bukini. Huko kuna bata mzamiaji wa rangi ya hudhurungi, aitwaye kwa jina la kisayansi Aythya innotata. Makao yake yaliyojulikana yalikuwa ziwa Alaotra. Ziwa hilo liliharibika: vinamasi viligeuzwa mashamba ya mpunga, udongo ulimomonyoka kuingia majini, samaki wa kigeni waliletwa, na bata waliwindwa na kunaswa katika nyavu. Mwaka 1991 dume mmoja alikamatwa hapo, na baada yake hakuna aliyeonekana tena. Wengi waliamini kwamba aina hiyo imekwisha duniani.

Mwezi wa Novemba 2006 wanasayansi wa shirika la Peregrine Fund walifika katika ziwa dogo la kaskazini mwa kisiwa, zaidi ya kilomita 300 kutoka Alaotra. Hapo waliwakuta bata tisa wazima na makinda wanne wa umri wa karibu wiki mbili. Wale tisa walionyesha kwamba aina hiyo bado ipo. Wale wanne walionyesha kwamba inazaliana, tena mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiwatazamia.

Kazi haikuishia hapo. Watafiti waliendelea kuhesabu makinda, na hesabu ikatoa habari ya kusikitisha. Karibu asilimia 96 ya makinda walikuwa wakifa wakiwa na umri wa wiki mbili au tatu. Sababu ilikuwa njaa. Ziwa hilo lilikuwa na kina kirefu mno na chakula haba, hata makinda hawakuweza kupata riziki yao chini ya maji. Kumbe bata hao hawakuwa wamepata makao mema. Walikuwa wamebaki katika kimbilio la mwisho. Mayai yalichukuliwa mwaka 2009 ili bata walelewe na kuongezwa chini ya uangalizi, na Desemba 2018 bata 21 waliachiliwa katika ziwa Sofia. Kama watafiti wangeandika tu "makinda wameonekana" na kurudi nyumbani, huenda hatari hiyo isingejulikana mapema.

Ngazi tatu za ushahidi

Wataalamu wanaochora ramani za kuzaliana hugawa ushahidi katika ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni "yawezekana": ndege ameonekana katika majira na mazingira yanayofaa, basi. Ngazi ya pili ni "yaelekea": dume na jike wamekaa pamoja mahali pamoja kwa siku nyingi, wanachumbiana, au wanachunguza pango la mti. Ngazi ya tatu ni "imethibitika": kiota chenye mayai, mzazi anayejifanya amevunjika bawa ili kumvuta adui mbali, au makinda wasioweza kuruka.

Hapa pana mtego. Bata wengi wazima hupukutika manyoya yote ya kurukia kwa pamoja, kwa kawaida baada ya kuzaliana, wakakaa wiki kadhaa bila kuruka. Kwa hiyo bata asiyeruka si lazima awe kinda. Kinda wa kweli hutambulikana kwa malaika yake laini na kwa mbawa zake fupi zisizokamilika.

Kumtambua bata mwenyewe

Bata mwenye mkia mgumu, Oxyura maccoa, yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Katika Tanzania hujulikana hasa kaskazini, kwa mfano katika maziwa ya Momela. Kiota chake katika pwani ya Ruvuma kingekuwa jambo geni kabisa. Lakini yuko bata mwingine, Thalassornis leuconotus, ambaye naye huzama, huelea chini chini majini, na hupenda mayungiyungi. Mtu mwenye haraka aweza kuwachanganya. Huyu wa pili ana alama nyeupe penye shina la mdomo, na mgongo wake mweupe huonekana arukapo. Yule wa kwanza, dume wake katika majira ya kuzaliana ana mdomo wa buluu, kichwa cheusi na mwili wa rangi ya kutu.

Swali jingine ni kama bata huyo ni wa porini. Uingereza iliwahi kupata bata wa Amerika, Oxyura jamaicensis, waliotoroka mahali walipofugwa. Mwaka 1960 walizaliana porini. Baadaye wengine walifika Hispania na kuchanganya damu na bata adimu wa huko. Hivyo yafaa kuuliza kama kuna mfugaji jirani.

Mambo ya kuandika

Taarifa iliyo kamili haina budi kuwa na mambo haya:

1. Tarehe, saa, na hali ya hewa.
2. Mahali hasa, pamoja na kijiji na alama isiyohamishika, au vipimo vya simu.
3. Maelezo ya maji: kina, mimea, na kama ni ya chumvi au matamu.
4. Idadi ya wazima, na ya makinda mbalimbali na wazima.
5. Sura ya mdomo, kichwa, mgongo na mkia, kama ilivyoonekana, kabla ya kufungua kitabu.
6. Picha, hata ikiwa hafifu.
7. Jina la shahidi mwingine.

Kisha mtazamaji arudi kila wiki na kuhesabu kundi lile lile mpaka makinda waruke, muda ambao kwa bata wengi ni kama wiki saba au nane. Wiki ya kwanza sita, ya pili manne, ya tatu moja: mfululizo kama huo wafundisha zaidi kuliko picha moja nzuri. Taarifa zipelekwe kwa wataalamu wa ndege, kama wale wa mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania, nao watazipima.

Tahadhari

Kiota kisikaribiwe mara kwa mara, kwa kuwa njia inayokanyagwa na mtu hufuatwa na kenge. Mayai yasiguswe. Mahali pa kiota pasitangazwe ovyo. Aidha, katika mto Ruvuma na mabwawa yake kuna mamba na viboko; mtazamaji asimame ukingoni palipo wazi, wala asiingie majini kwa ajili ya kuhesabu makinda.

Tangu mwaka 2000 sehemu ya pwani hii ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Lakini madimbwi ya maji matamu yaliyo nyuma ya mikoko, na mabonde ya mpunga, mengi yamo mikononi mwa wakulima. Ni wao wanaoyaona kila siku, na daftari la mmoja wao laweza kujaza sehemu ya ramani iliyobaki peupe.