Uchovu Unapopunguza Dawa Kali za Maumivu

Ndugu wanavikundi, tuseme mwenzenu alianguka mjengoni, au aligongwa na pikipiki Juja Road. Hospitali ikampa dawa kali ya maumivu: tramadoli, kodeini au mofini. Ameitumia miezi mingi, na sasa daktari anasema ipunguzwe. Maumivu anayavumilia. Kinachomshinda ni uchovu. Hapo ndipo wengi hurudia dawa, si kwa kupenda, ila kwa sababu kibarua hakingoji.

Uchovu huu si uvivu. Mwili wetu hutengeneza dawa yake wenyewe ya kutuliza maumivu. Ukiletewa nyingine kila siku, unalegea, kama mtu anayeletewa maji mlangoni akasahau foleni ya mfereji. Dawa ikipungua, mwili unahitaji muda kuanza tena kazi yake. Halafu usingizi hukatika, miguu haitulii usiku, tumbo linaendesha. Asiyelala atapata wapi nguvu? Siku za kwanza baada ya kila hatua ndizo ngumu zaidi, lakini uchovu unaweza kuendelea wiki nyingi, hata miezi.

Kwa hiyo haraka haifai. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2022 unasema kwamba aliyetumia dawa hizi mwaka mzima au zaidi huvumilia vizuri akipunguza asilimia 10 kwa mwezi, au polepole kuliko hapo. Sasa angalieni hesabu. Anayemeza kapsuli nne za tramadoli za miligramu 50 kwa siku, akiacha moja tu, amepunguza robo nzima. Asifungue kapsuli agawanye unga kwa kijiko! Amwambie daktari, naye atajua kama abadilishe aina ya dawa au arefushe muda kati ya hatua na hatua. Kuacha ghafla ni hatari, hasa kwa mama mjamzito.

Nyumbani je? Huruma wengi tunaishi ghorofa za juu, na mtungi wa lita 20 hupandishwa ngazi kwa mgongo. Hiyo kazi mwenzenu apunguziwe kwanza. Lakini asilale kutwa, maana usiku hatapata usingizi. Atembee kidogo asubuhi, afanye kazi nzito saa anapojisikia afadhali, apumzike kabla hajaishiwa kabisa. Chai ya rangi aache ikifika alasiri. Uji wa wimbi, ndengu, omena, supu ya Kiamaiko, vyote ni chakula kizuri. Tumbo likiendesha, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, anywe kidogo kidogo.

Tusilaumu dawa kwa kila uchovu pia. Kikohozi cha wiki mbili, homa, kukonda au kupungukiwa damu kunahitaji kupimwa. Na akianza kusema hataki kuishi, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo moja tunalisisitiza. Mwili uliopunguziwa dawa hauwezi tena kipimo cha zamani. Mtu aliyechoka akirudia kapsuli zake zote kwa mkupuo, tena na chang'aa au dawa za usingizi, anaweza kuacha kupumua. Zilizobaki zitunzwe na mtu mwingine. Anayenunua mwenyewe kwa kemia bila cheti naye aende kituo cha afya, asione haya. Hospitali ya Mathari, si mbali nasi, hutibu uraibu, na kliniki yake ya methadoni ilianza mwaka 2014. Simu ya bure ya NACADA ni 1192.

Ya kujadili kikundini:

Mwenzetu akikosa mikutano miwili kwa uchovu huu, tutamtoza faini?

Zamu yake ya mzunguko inaweza kuletwa mbele, na nani yuko tayari kubadilishana naye?

Nani atampandishia maji, siku gani?